Kilo Tatu za Mwisho

Kifuniko kilikuwa cha mwaloni, kilo thelathini na moja.
Nilikipima kwa mizani ya samaki niliyoazima kwa jirani,
na mzee Kaljo Pihlak akasimama kando, mkono wake wa kushoto
umelala mfukoni kama glavu isiyo na mtu.
Nje, Tartu ilikuwa nyeupe, mto Emajõgi umeganda,
viatu vyetu vikichuruzika kwenye sakafu yake ya mbao.

"Leida alikifungua kwa mikono, akakizuia kwa kichwa,"
alisema, "akainama humo kusaka blanketi,
nami kila mara nikadhani kasha litammeza."
Halikummeza. Kilichommeza ni kingine,
na hakukitaja.

Nikapiga magoti na rula yangu.
Watu hudhani uzito ni namba.
Uzito ni pembe.
Kifuniko kikilala, kinakudai chote;
kiinue nyuzi sitini, deni limebaki nusu;
kisimamishe wima, hakikudai hata senti,
kinakutazama tu, kama mgeni aliyesahau alichofuata.

Kwa hiyo springi haitoshi kuwa na nguvu.
Nguvu hata fahali anayo.
Springi sharti ijue kupungua,
ilegee kadiri mzigo unavyolegea,
itoe bega pale bega linapotakiwa
kisha ijiondoe polepole, bila kuaga.
Hiyo ndiyo kazi yangu, mwaka wa ishirini na sita sasa:
kufundisha chuma adabu.

Nilichora, nikafuta, nikachora.
Nikachonga gurudumu dogo lisilo duara,
lenye tumbo upande mmoja kama yai,
ili springi ikilipanda ikaze, ikiliteremka ilegee.
Bawaba mbili. Skrubu kumi na nne.
Siku ya kufunga, Kaljo alikiinua kwa kidole cha shahada.
Akakiacha katikati ya safari. Kikabaki hapo hapo hewani.
Akacheka kicheko kifupi, kama kikohozi.
Mzigo wa mwenzio, wahenga walisema, ni kanda la sufi;
siku ile nilijivuna: nimemfanyia wake
uwe kanda la sufi mikononi mwake mwenyewe.

Wiki ya tatu simu ikalia, saa kumi na moja alfajiri.
"Veevi," aliniita, "kasha linafunguka lenyewe."
Akanyamaza.
"Usiku. Taratibu. Bila mlio."

Nilijua sababu kabla sijavaa koti.
Jiko lake huwaka mchana kutwa, usiku kucha;
mwaloni ulikuwa umekauka, umepoteza gramu mia nne za maji,
na mimi nilikuwa nimepima mpaka unywele,
sikuacha hata gramu ya kusamehe.
Nikamweleza. Maji. Mbao. Hesabu.
Akaitikia kwa kichwa kila neno,
na kwenye meza niliona vikombe viwili vya kahawa,
kimoja kikavu.

"Kirudishe uzito," alisema.
Wote? "Hapana. Huko mwisho tu, kinapokaribia kufunga.
Nataka mkono wangu ujue kwamba kimefunga."

Nikalipunguza tumbo la lile yai, tupa kidogo, kitambaa, jaribu,
tupa kidogo tena, chuma kikinuka moto wa vidole vyangu.
Nyuzi tano za mwisho nikaziachia kilo tatu,
si za kumuumiza mtu, si za kupuuzwa:
uzito wa mkono wa mtu ukipumzika juu ya wako.
Kaljo alikifunga mara moja. Akakifunga mara ya pili,
na hiyo ya pili hakuwa akijaribu bawaba.

Alinilipa nusu taslimu, nusu matango ya siki.
Nikayabeba mpaka nyumbani, ghorofa ya nne,
nikakunjua meza yangu ya ukutani kula.
Bawaba yake ilikufa mwaka juzi.
Mganga hajigangi.
Nikaitegemeza kwa mpini wa ufagio, kama kila siku,
nikaketi, goti nimeliweka mbali.